Jeshi la wanahewa, shirika la ndege au kiti cha wadi: rubani wa Mombasa aanzie wapi?

Wamarekani wana wasifu wanaoupenda sana: kijana anaingia jeshini, anarusha ndege za kivita, anahamia shirika la abiria, na mvi zikishaingia mji wake mdogo unamchagua awe meya. Aliyeukaribia wasifu huo ni Pete Knight, rubani wa jeshi. Tarehe 3 Oktoba 1967 aliirusha ndege ya majaribio ya X-15 kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7,200 kwa saa. Mwaka 1988 akawa meya wa Palmdale, mji wa jangwani kule California. Hatua ya katikati, ile ya abiria, yeye hakuipitia, lakini mwendo ni ule ule: anga kwanza, mitaro na barabara baadaye.

Hadithi kama hii ikisimuliwa Chaani au Port Reitz, ambako ndege zikipita mazungumzo husimama kwanza, swali linalofuata huwa la mzazi: "Na huyu wangu aanzie wapi?" Ni swali zuri, ila ndani yake kuna kazi tatu tofauti zilizofungwa pamoja kama kifurushi. Kuna anayetaka sare, kuna anayetaka kurusha, na kuna anayetaka kuitwa mheshimiwa. Nitaziweka kazi hizo ubavu kwa ubavu kwa macho ya mtu wa Mombasa. Ninakoegemea nakusema mapema: heshima ya kazi iache kwanza, angalia mlango upi unafungwa mapema.

Jeshi halitozi karo, lakini halikungoji

Faida ya jeshi haina mshindani. Mafuta ya ndege, mshahara wa mkufunzi, chakula na malazi yako wakati unajifunza, vyote ni vya serikali. Kwa nyumba ambayo baba ni fundi wa gereji na mama anauza viazi karai jioni, hilo peke yake linatosha kuiweka njia hii mbele ya nyingine.

Gharama yake iko kwengine. Kuna umri. Matangazo ya kuwasajili makadeti wanaokwenda kuwa maafisa husema miaka 18 hadi 26, na 26 ikishapita hakuna kuombeana. Leseni ya kiraia unaweza kuianza ukiwa na miaka 35 na watoto wawili. Kiti cha wadi unaweza kukitafuta ukiwa babu. Jeshi ndilo linaloangalia saa.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wengi hawalisikii mpaka wafike: unaomba uafisa, huombi urubani. Kadeti hupelekwa Chuo cha Kijeshi kule Lanet, Nakuru, akaamshwa alfajiri, akapigishwa gwaride, akafundishwa bunduki na kubeba mzigo kwenye baridi. Ni baada ya kuchujwa, macho na masikio na moyo na wepesi wa akili, ndipo wachache wanapelekwa kujifunza kurusha. Waliobaki ni maafisa vile vile, wa ugavi, wa mawasiliano, wa ufundi. Kama mwanao atavunjika moyo akipewa bohari badala ya ndege, mkae mlizungumze hilo kabla hajajaza fomu.

Na hutakaa Mombasa. Sare tunazozizoea huku ni za wanamaji wa Mtongwe. Wanahewa makao yao makubwa ni Eastleigh jijini Nairobi na Laikipia karibu na Nanyuki, na mtoto aliyekulia joto la Likoni ataujua mlima Kenya kwa meno kugongana. Ndege za kivita za F-5 ambazo vijana huzitazama kwenye simu zao ziko nchini tangu 1978, umri mkubwa kuliko wa wengi wanaoziota.

Wanaopanda, hupanda kweli. Jenerali Francis Ogolla aliingia jeshini 1984, akafunzwa ndege za kivita, akafika kuwa Mkuu wa Majeshi. Alifariki kwenye ajali ya helikopta huko Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024. Mwezi uliofuata Meja Jenerali Fatuma Ahmed akateuliwa kuliongoza Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza Kenya kukabidhiwa tawi zima la jeshi. Kwa mabinti wa Pwani wanaoambiwa kwamba hiyo si kazi yao, jibu ni hilo.

Lakini jeshini hatima yako hufungwa pamoja na ya wenzako. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, lililoanzia kwa wanahewa, kikosi kizima kilivunjwa na kupewa jina jingine. Jina la Jeshi la Wanahewa lilirudi 1994. Marubani wengi hawakuwa na lolote katika njama ile, na bado walibeba doa lake miaka mingi.

Neno la mwisho kuhusu lango hili ni la pesa. Usajili ni bure. Anayekuuzia barua ya kuitwa kambini anakuuzia kesi, na hapajakosekana vijana waliofika langoni na barua za bandia wakaishia seli badala ya kwenye mstari wa makurutu. Mzazi anayetoa akiba ya chama kumpa mtu wa kati anamharibia mwanawe mara mbili.

Njia ya kiraia: hesabu kwanza, ndoto baadaye

Huku anayesimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na vizingiti vyake vinafuata vile vya dunia nzima. Leseni ya rubani binafsi inataka uwe na miaka 17 na saa zisizopungua 40 angani. Leseni ya biashara, inayokuruhusu kulipwa, inataka miaka 18 na saa 200, au 150 ukisoma mfululizo kwenye kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ambayo wenyewe huiita ATPL, inataka miaka 21 na saa 1,500. Rubani msaidizi anaweza kuajiriwa akiwa na leseni ya biashara, lakini kiti cha kushoto cha ndege kubwa, kile cha kapteni, kinataka ATPL.

Chukua karatasi. Tuseme shule inakutoza shilingi 20,000 kwa saa moja ya ndege ndogo ya injini moja. Saa 200 ni shilingi 4,000,000, na hapo hujalipia madarasa, mitihani, sare, chumba cha kupanga Nairobi wala nauli za kurudi nyumbani Idd au Krismasi. Bei ya saa hutofautiana baina ya shule na shule na hupanda mafuta yakipanda, kwa hiyo chukua bei ya mwezi huu uizidishe mwenyewe. Usikubali kupewa jumla iliyokwisha pigwa kwenye kipeperushi. Na uulize swali ambalo mauzo hulikwepa: shule ina ndege ngapi zinazoruka leo? Mwanafunzi aliyelipia saa mia mbili kwenye shule ambayo ndege mbili kati ya tatu ziko kwenye matengenezo atakaa Nairobi mwaka mzima akilipa kodi ya nyumba na kunywa chai.

Nasema Nairobi kwa sababu shule nyingi ziko Uwanja wa Wilson. Hilo lina faida yake ya kiufundi. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla haijapaa. Aliyejifunzia juu akishuka Pwani huona ndege imepata nguvu mpya. Kinyume chake kinahitaji uangalifu: aliyezoea hewa nzito ya bahari akipelekwa kule juu na mzigo kamili, asipopiga hesabu, uwanja unamwishia magurudumu yangali chini.

Kuna kosa la wazazi linaloniudhi, na nalitaja kwa sauti kubwa. Watu huuza kiwanja cha Mtwapa, wakalipa karo ya muhula wa kwanza, halafu ndipo mtoto anapelekwa kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA kupimwa afya ya daraja la kwanza. Macho yakionekana hayatofautishi rangi vizuri, au moyo ukawa na hitilafu, kiwanja hakirudi. Kipimo hicho gharama yake ni sehemu ndogo sana ya karo. Kifanyeni kwanza, hata kabla ya kutembelea shule. Na ujue hutakifanya mara moja tu: rubani wa biashara hurudi kwa daktari kila mwaka, mara mbili kwa mwaka umri ukisogea, na kila mara anaweza kutoka pale hana kazi. Mhasibu hana hofu hiyo.

Baina ya saa 200 na saa 1,500 kuna jangwa, na wengi huishia humo. Baadhi huwa wakufunzi, wanarudi kuwafundisha waliokuwa nyuma yao kwa malipo ya kubana. Baadhi hubeba watalii kwenda Maasai Mara, Ukunda na Lamu kwenye viwanja vya vumbi. Baadhi huruka na miraa kwenda Somalia, kazi ya alfajiri isiyongoja, maana jani likinyauka halina mnunuzi. Ni humo ndimo rubani wa kiraia anapopikwa, na anayesema amefika kwa sababu ana leseni ya biashara mkononi hajafika popote.

Wapo waliovuka. Irene Koki Mutungi alikuwa mwanamke wa kwanza barani Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Lakini usitazame kilele peke yake. Kenya Airways, iliyoanzishwa 1977 baada ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki kuvunjika, ilipunguza wafanyakazi wakiwemo marubani mwaka 2020 korona ilipofunga anga, na Novemba 2022 marubani wakagoma, abiria wakalala viwanjani. Mshahara wa rubani ni mzuri anapoupata. Ajira yake haina uhakika wa ajira ya mwalimu wa serikali, na mkopo wa benki unataka ulipwe ndege ziruke zisiruke.

Asubuhi ya rubani

Niliyoyasema mpaka sasa ni ya malango. Kazi yenyewe je?

Muangalie mwanafunzi wa ndege ndogo saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakaza. Anachuchumaa chini ya bawa, anasukuma kikombe cha plastiki kwenye vali ndogo, mafuta yanatiririka ndani. Anakiinua kikombe kwenye mwanga. Mafuta ya ndege hizi yana rangi ya samawati hafifu. Kama yameingia maji, maji hukaa chini, meupe, yakijitenga kama kiini cha yai. Huku Pwani tangi lililolala nusu tupu usiku hutoa jasho kwa ndani, kwa hiyo hilo jicho dogo la maji si hadithi ya vitabuni. Anamwaga, anachota tena, mpaka apate rangi moja. Ndipo anahamia bawa la pili. Hakuna anayempigia makofi.

Nidhamu hiyo ni moja, jeshini na uraiani. Zinapoachana ni kwenye sababu ya kuruka. Rubani wa jeshi huruka kwa sababu ametumwa: doria ya mpaka, kubeba askari, kuokoa watu kwenye mafuriko, mazoezi ya silaha. Anaweza kukaa wiki chini akingoja vipuri au amri, na saa zake kwa mwaka kwa kawaida ni chache kuliko za mwenzake wa abiria. Rubani wa shirika huruka kwa sababu ratiba imesema. Sheria za nchi nyingi humwekea kikomo cha saa 900 au 1,000 kwa mwaka ili asichoke kupita kiasi, na mashirika hupenda kumsogeza karibu na kikomo hicho. Mombasa hadi Nairobi ni kama saa moja. Anaweza kwenda na kurudi mara mbili kwa siku, akasema maneno yale yale kwenye kipaza sauti, akatua kwenye uwanja ule ule akiukabili upepo, wa kaskazi au wa kusi kama nahodha wa jahazi.

Anayependa msisimko atachoshwa na shirika. Anayependa kulala kwake atachoshwa na jeshi. Huu ndio ukweli ninaotaka kijana ajiulize mwenyewe usiku akiwa peke yake, wala si mbele ya shangazi zake.

Kuvuka kutoka jeshi kwenda abiria

Wengi hufikiri rubani wa jeshi akistaafu anatembea moja kwa moja hadi kwenye ndege ya abiria. Hapana. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga uliotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba 1944 unahusu ndege za kiraia peke yake. Ndege za jeshi, za forodha na za polisi uliziacha nje. Matokeo yake ni kwamba nembo ya bawa aliyoshonewa kifuani jeshini si leseni. Saa zake zinatazamwa na kuhesabiwa, lakini mitihani ya kiraia anakaa, daktari wa kiraia anampima, na ndege mpya anajifunza upya. Afisa mwenye akili huanza kusoma vitabu hivyo mapema, jioni, wakati wenzake wako mesi.

Mkataba wake na jeshi nao haumwachii aondoke siku atakayo. Serikali iliyogharimia mafunzo hutaka miaka yake. Kabla ya kutia sahihi, uliza ni mingapi, na ukitoka utakuwa na umri gani.

Mfano wa nje unaojulikana zaidi ni Chesley Sullenberger. Alimaliza chuo cha jeshi la anga la Marekani 1973, akarusha ndege za kivita za F-4, akatoka 1980 na kuingia kwa abiria. Tarehe 15 Januari 2009 ndege yake ya Airbus A320 iligonga kundi la ndege mwitu muda mfupi baada ya kupaa New York, injini zote mbili zikapoteza nguvu, akaitua juu ya maji ya mto Hudson. Watu wote 155 waliokuwemo walitoka hai. Sifa nyingi alipewa mwanajeshi aliyemo ndani yake. Mimi naona ilistahili kwenda zaidi kwa miaka 29 ya kuruka na abiria, karibu saa 20,000, safari baada ya safari zisizo na habari yoyote ya kusimulia.

Kiti

Sasa hii ya tatu, ambayo watu huiongelea kana kwamba ni zawadi ya kustaafu.

Kwanza, umeya hapa haupo. Mombasa ilikuwa na mameya enzi za baraza la manispaa, waliochaguliwa na madiwani wenzao. Najib Balala alikuwa mmoja wao mwishoni mwa miaka ya 1990. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na uchaguzi wa 2013 ukafuta madiwani na mameya pamoja. Anayetaka kusikia neno meya likitumika kwa mtu aliye kazini avuke Lungalunga aende Tanga. Huku tuna gavana, na tuna wajumbe wa bunge la kaunti, MCA, mmoja kwa kila wadi. Wadi nchini ni 1,450, na 30 ziko Mombasa.

Ukubwa nao unadanganya. Ufaransa ina manispaa karibu 35,000, nyingi ni vijiji, kila moja na meya wake anayechaguliwa na baraza lake. Mstaafu wa urubani anaweza kuwa meya wa watu mia nane na kumjua kila mmoja kwa jina la mbwa wake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa. Gawanya kwa wadi 30, ni kama 40,000 kwa MCA mmoja. Kiti chetu cha chini kabisa ni kizito kuliko umeya wa kule.

Halafu mamlaka. Eneo bunge la Changamwe lina wadi inayoitwa Airport. MCA wake hana kauli rasmi juu ya uwanja wa ndege. Jedwali la Nne la Katiba limeupa usafiri wa anga serikali ya kitaifa, pamoja na polisi na shule za sekondari. Kaunti imebaki na taka, zahanati, chekechea, barabara za mitaa, taa, mifereji, masoko na vivuko. Kapteni wa miaka thelathini akichaguliwa hapo atashinda anajadili mitaro huku ndege alizokuwa akizirusha zinapita juu ya kichwa chake. Na kazi yake kwa sheria ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia kaunti. Si kujenga. Wapiga kura hawajali tofauti hiyo, watamuuliza mtaro.

Nimeona mkutano wa aina hiyo, viti vya plastiki chini ya mwarobaini, mgombea mstaafu wa kazi ya nidhamu, mwenye ramani iliyochapwa kwa rangi na mishale ya mahali maji yatakapopita. Alieleza vizuri sana, dakika ishirini, bila kupumua. Alipomaliza akasimama bibi mmoja mzee.

"Mwanangu, ramani ni nzuri, Mungu akuweke. Lakini maji yakiingia nyumbani usiku, wewe tunakukuta wapi?"

"Bi mkubwa, ofisi ya wadi itakuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Kura pale aliipoteza kwa neno utaratibu. Kwenye chumba cha marubani neno hilo ndilo uhai: kapteni akisema, jambo linafanyika, na karatasi ya ukaguzi haibishiwi. Kwenye wadi hakuna anayelazimika kukutii. Unahudhuria mazishi matatu kwa wiki, unachangia harusi, unaombwa karo ya mtoto wa mtu usiyemjua, na ukisema bajeti ya kaunti hairuhusu unaambiwa umebadilika. Marubani wanaofaulu huku ni wale waliokuwa na subira ya watu kabla hawajawa na saa za kuruka. Tunaye mmoja jirani: Kapteni Ruweida Obo wa Lamu, rubani, aliyechaguliwa mwakilishi wa wanawake 2017 na mbunge wa Lamu Mashariki 2022. Ukiwauliza watu wa visiwani hawatakusimulia ndege. Rajiv Gandhi naye alikuwa rubani wa Indian Airlines kabla ya kuwa waziri mkuu wa India 1984, ila yeye alivutwa na ukoo, na ukoo wa namna ile haununuliwi. Njia ya Luteni wa anga Jerry Rawlings wa Ghana, ya kufika ikulu kwa mtutu, haimo kwenye ulinganisho huu.

Anayetoka jeshini ana sharti la ziada. Katiba inakataza wanausalama kupendelea chama wakiwa kazini, na afisa wa umma anayetaka kugombea hutakiwa kujiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi. Huwezi kujaribu siasa huku umeshika mshahara. Mchujo wa chama nao una bei yake, na wengi walioshindwa mchujoni walikuwa wamekwisha uza gari. Mgombea huru wa wadi anatakiwa aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo. Kama huwezi kuwapata mia tano bila kuwalipa, umejibiwa mapema na kwa bei nafuu. Na anayeuwazia ugavana ajue kwamba sheria inataka digrii ya chuo kikuu. ATPL, pamoja na ugumu wake wote, si digrii.

Kuna kiti cha nne ambacho hakitajwi, na kwa mstaafu wa anga ndicho ningempendekezea: bodi ya manispaa. Sheria ya Miji ya 2011 iliacha nafasi kwa miji kama Malindi na Lamu kusimamiwa na bodi, ambazo baadhi ya wajumbe wake hupendekezwa na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara na wakazi, kisha gavana huwateua na bunge la kaunti huwaidhinisha. Muhula ni miaka 5, kazi si ya kutwa, na bodi huchagua mwenyekiti wake yenyewe. Huko ramani yenye mishale ina wasomaji. Hiyo ndiyo sura ya karibu zaidi tuliyonayo na meya wa mji mdogo.

Basi wewe, chagua

Una miaka 19, afya nzuri, nyumbani hakuna kitu: jaribu jeshi, na ujaribu tena mwakani na mwaka wa tatu mpaka 26 ikufukuze. Lakini jaribu ukiwa tayari kuwa mwanajeshi asiyeruka. Kama hilo linakukera, usiwachoshe.

Una familia inayoweza kulipa bila kuuza paa lililo juu yake: kiraia, kwa awamu. Daktari kwanza, kisha leseni binafsi, kisha usimame mwezi mzima kabla ya kulipia inayofuata. Saa arobaini zinatosha kukuonyesha kama unaipenda kazi au picha zake.

Una miaka 30 na ajira yako ya bandarini au ya hoteli, na ndoto haijafa: jeshi limekwisha, kiraia bado. Utafika kiti cha kushoto umechelewa. Kikomo cha kimataifa cha rubani wa abiria kwenye ndege ya marubani wawili ni miaka 65, kwa hiyo ukianza sasa bado una miongo mitatu mbele, ukitoa miaka ya jangwa.

Na wewe uliyekwisha ruka, unayeikaribia hiyo 65 na majirani wameanza kukuita mheshimiwa kwa utani: hudhuria vikao vya bajeti ya kaunti kama mkazi wa kawaida kwa msimu mmoja, kaa kiti cha nyuma, usiseme kitu. Ukimaliza msimu bado unataka kurudi, omba nafasi ya bodi kwanza, wadi baadaye. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027.